Binadamu si panya, mpaka panya alete habari njema

Mwezi uliopita nilipita Keko, Dar es Salaam, kuangalia kabati nililoagiza. Fundi alikuwa anapasua bodi ya MDF kwa msumeno wa umeme ndani ya banda la mabati lenye mlango mmoja, na kabla hatujamaliza kusalimiana macho yalishaanza kunichonyota. "Gundi hiyo, bosi," akasema bila kuinua kichwa. "Siku za mwanzo inawasha kweli. Ukishazoea, huisikii." Barakoa yake ya kitambaa ilikuwa imeshushwa kidevuni, imegeuka rangi ya unga wa mbao.

Kilichokuwa kinaniwasha, mbali na vumbi, ni fomaldehaidi, gesi isiyo na rangi inayotoka kwenye gundi inayoshikamanisha nyuzi za mbao katika MDF, chipubodi na plaiwudi nyingi za bei nafuu. Ikiyeyushwa kwenye maji ndiyo fomalini, ile "dawa" anayochomwa marehemu kabla ya safari ndefu ya kwenda kuzikwa kwao. Pua ya panya ilishatoa majibu kuhusu gesi hii zaidi ya miaka 40 iliyopita. Mabishano hayajaisha hadi leo, na kila yanapofufuka husikika sentensi ileile: binadamu si panya. Sentensi ni ya kweli. Ninachogombana nacho ni tabia yake ya kuonekana siku fulani na kujificha siku nyingine.

Tuanze na panya wenyewe. Mwaka 1974 kampuni za kemikali za Marekani zilianzisha taasisi yao ya kuchunguza sumu, CIIT, huko North Carolina. Fomaldehaidi ilikuwa miongoni mwa kemikali za mwanzo kuchunguzwa, na kazi yenyewe ya kuwavutisha wanyama gesi ilifanyika katika maabara za Battelle mjini Columbus, Ohio. Vyumba vya kazi hiyo kwa kawaida ni makabati makubwa ya chuma cha pua na kioo, paa limechongoka kama piramidi, hewa inaingia juu na kutokea chini ili mkondo uwafikie wote kwa kiasi kinacholingana. Ndani mna vizimba vya waya, kila mnyama na chake, kwa sababu ukiwaacha pamoja watajikunyata na kuficha pua kwenye manyoya ya wenzao. Chakula huondolewa gesi inapofunguliwa, kisije kikainyonya, mnyama akaila badala ya kuivuta. Gesi ilipatikana kwa kupasha moto unga wa parafomaldehaidi. Yote haya ni kwa ajili ya jambo moja ambalo katika vipimo vya kuvuta hewa ndilo gumu kuliko yote: kujua kwa hakika mnyama amevuta nini na kiasi gani. Ukimpa panya kidonge, dozi unaijua. Ukimpa hewa, unajua kilichomo hewani tu, na baadaye tutaona tofauti hiyo ilivyowaumbua watu.

Ratiba ilikuwa ya kiwandani: saa 6 kwa siku, siku 5 kwa wiki, miezi 24, ambayo kwa panya ni karibu maisha mazima. Makundi yalikuwa manne. La kwanza lilivuta hewa safi, na mengine matatu yalivuta sehemu 2.0, sehemu 5.6 na sehemu 14.3 za gesi katika kila sehemu milioni za hewa. Kila kundi lilikuwa na panya takribani 240, nusu madume na nusu majike, na idadi kama hiyo ya vipanya, jamii nyingine ya panya wenye umbo dogo (wa maabara, si vile vya abiria). Wote kwa pamoja karibu 1,900.

Dalili za kwanza zilitangazwa Oktoba 1979, na ripoti kamili ya kisayansi ikatoka mwaka 1983. Kati ya panya 230 na ushee waliochunguzwa katika kundi la sehemu 14.3, 103 walikuwa na saratani ya pua. Katika kundi la sehemu 5.6 walikuwa wawili. Katika sehemu 2.0, hakuna. Katika hewa safi, hakuna. Saratani ya aina ile ni adimu mno kwa panya, kiasi kwamba hata mmoja angezua maswali.

Hapa nitoe sifa panapostahili. Taasisi ilikuwa mali ya wenye viwanda, na mtu yeyote aliyekulia kwenye methali zetu angesema kesi ya ngedere imepelekwa kwa nyani. Lakini nyani alitoa hukumu dhidi ya ndugu yake na kuwaarifu wenye mamlaka serikalini. Nimesoma habari za kemikali nyingine ambako majibu kama hayo yalikaa kabatini.

Sasa ona viwango vya sheria wakati huo. Marekani iliruhusu mfanyakazi avute wastani wa sehemu 3 kwa milioni kwa zamu nzima, kikomo cha kawaida kikiwa 5, na kwa dakika zisizozidi 30 hata 10. Kwa maneno mengine, kiwango kilichowapa panya wawili saratani kilikuwa pua na mdomo na kikomo halali. Jaribio lililorudiwa baadaye na kuchapishwa mwaka 1996 liliongeza vituo katikati ya ngazi, na kwenye sehemu 10, ile ruhusa ya nusu saa, panya mmoja katika kila watano alipata saratani. Kweli, panya hao walivuta kwa miaka miwili, si nusu saa. Lakini sheria haikusema nusu saa hiyo irudiwe mara ngapi katika maisha ya mtu.

Hapo ndipo sentensi yetu ilipoingia ukumbini kwa mara ya kwanza. Panya huvuta hewa kwa pua tu, ikasemwa, mtu anaweza kuvuta kwa mdomo. Pua ya panya imejaa vijia vilivyojikunja, yetu ni nyepesi. Panya walipewa dozi kubwa mno. Hoja ya mwisho huwa inawavutia wasomaji wengi, kwa hiyo niisimamie kidogo. Dozi hupandishwa kwa sababu panya ni wachache. Kama kemikali inaua mtu mmoja katika kila 10,000, katika kizimba cha panya 240 hutaona chochote, huku kwenye mji wa watu milioni moja utakuwa na misiba 100. Ili uone hatari ndogo kwenye dozi ndogo ungehitaji panya kwa malaki, na hakuna atakayelipia wala anayestahili kuruhusiwa.

Mwaka 1982 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilipiga marufuku povu la kuzuia baridi lililokuwa likimwagwa ndani ya kuta za nyumba, povu lililotengenezwa kwa urea na fomaldehaidi na lililokuwa likitoa gesi sebuleni. Wenye povu wakaenda mahakamani, na mwaka 1983 mahakama ya rufaa ya New Orleans ikaitengua marufuku. Majaji walisema mengi, na moja walilosema kuhusu vipimo vya ndani ya nyumba lilikuwa la haki: nyumba nyingi zilizopimwa zilikuwa za waliokwishalalamika, si nyumba zilizochaguliwa kwa kubahatisha. Lakini walisema pia kwamba jaribio moja la panya 240 ni dogo mno kukadiria hatari kwa usahihi. Nimeirudia hoja hiyo mara kadhaa na bado inanikera. Ukidai usahihi ambao hakuna jaribio linaloweza kuutoa, umeshatoa hukumu kabla ya shahidi kula kiapo.

Kulikuwa na gharama ya kusema kinyume. Peter Infante, mtaalamu wa idara ya usalama kazini ya Marekani aliyeshikilia kwamba gesi hii ichukuliwe kuwa chanzo cha saratani, alipewa notisi ya kufukuzwa kazi mwaka 1981. Kamati ya Bunge, Al Gore akiwa mwenyekiti, ililivalia njuga suala lake, na kazi hakupoteza. Kikomo cha sehemu 3 kilishushwa kuwa 1 mwaka 1987, kisha 0.75 mwaka 1992. Kutoka Oktoba 1979 hadi 1987 ni miaka minane. Panya wale wangekuwa wameshaishi maisha matatu.

Turudi kwa vipanya, maana wao ndio walionifanya niandike. Walivuta hewa ileile ya sehemu 14.3, na waliopata saratani walikuwa wawili tu. Wawili dhidi ya 103! Kwa aliyetaka kuitetea gesi ilikuwa zawadi: kama panya na kipanya, watoto wa ukoo mmoja, hawakubaliani, mtu anaingiaje? Watafiti wa CIIT hawakuipokea zawadi hiyo kirahisi. Walipima pumzi. Wakakuta kwamba kipanya akiguswa na muwasho hupunguza kuvuta hewa kwa kiasi kikubwa, kuliko panya, na huendelea hivyo muda wote gesi ikiwepo. Ni kama sisi tunapopita jalala tukibana pumzi mpaka tuvuke, ila yeye hakuwa na pa kuvukia. Walipopiga hesabu ya gesi iliyofika kwenye kila eneo la utando wa pua, kipanya alikuwa amepata takribani nusu ya kile alichopata panya. Yaani kipanya kwenye sehemu 14.3 alikuwa sawa na panya kwenye sehemu 5.6 au karibu na hapo. Na kwenye 5.6 panya waliougua walikuwa wangapi? Wawili.

Sijui mfano mzuri kuliko huu wa kusoma jaribio badala ya kulihesabu. Namba mbili zilizoonekana kupingana zilikuwa zinasema neno moja. Na zinatukumbusha kwamba tofauti kati ya mnyama na mnyama mara nyingi ni suala la kiasi gani kimefika wapi, jambo ambalo linapimika. "Binadamu si panya" ikitamkwa kama swali inafungua mlango: basi tupime binadamu anavuta vipi. Mtu anayepasua mbao au kubeba maiti anahema kwa nguvu, mara nyingi mdomo wazi, na gesi ambayo kwa panya inaishia puani, kwa mtu huyo inaweza kushuka kooni na chini zaidi. Tofauti hiyo haimpunguzii hatari. Inaihamisha.

Sasa tazama sentensi inavyojificha. Panya wa sehemu 2.0 hawakupata saratani. Mara moja panya huyuhuyu, asiyefaa kumtolea ushahidi binadamu kwenye 14.3, akawa shahidi mwaminifu: kumbe kuna kiwango salama, panya amesema. Sikatai kwamba kuna sayansi nzito nyuma ya wazo hilo. Ngazi ya majibu ina mwinuko mkali. Gesi ikiongezeka mara mbili na nusu, saratani ziliongezeka mara 50. Kwenye dozi ndogo ute wa pua na kemia ya mwili huimudu gesi, kwenye dozi kubwa seli zinaungua, zinajijenga upya haraka haraka, na makosa ya nakala yanazidi. Naikubali. Ila waliosoma ripoti hadi mwisho waliona kwamba hata kwenye sehemu 2.0 utando wa pua ulikuwa umeanza kubadilika, na baadhi ya panya walikuwa na uvimbe mdogo usio saratani. Hilo halikunukuliwa sana.

Kisha ikaja damu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilikuwa limeiweka fomaldehaidi kwenye kundi la "huenda" mwaka 1987, na mwaka 2004 likaihamishia kundi la kwanza, la visababishi vilivyothibitika kwa binadamu, kwa sababu ya saratani ya nyuma ya pua. Sehemu ya ushahidi ilitoka kwa wafanyakazi zaidi ya 25,000 wa viwanda kumi vya Marekani. Mwaka 2009 ukachapishwa utafiti kuhusu watu wa mochwari na nyumba za mazishi: kadiri mtu alivyotumia miaka mingi kutia maiti dawa, ndivyo uwezekano wa kufa kwa saratani ya damu ya aina ya mieloidi ulivyopanda. Safari hii waliotoa majibu walikuwa watu. Ungedhani panya wangeachwa wapumzike.

Wakaitwa tena. Timu iliyomjumuisha James Swenberg, mmoja wa waliochapisha majibu ya panya mwaka 1980, ilitengeneza fomaldehaidi yenye kaboni na haidrojeni nzito ili iweze kutofautishwa na ile ambayo mwili wenyewe huitengeneza kila siku. Panya wakaivuta. Alama za gesi ya nje zilionekana kwenye vinasaba vya pua, zile za kwenye uboho wa mifupa zilikuwa za gesi ya mwilini tu. Ni jaribio zuri, nalisema bila kejeli, na swali lake ni la msingi: gesi isiyofika kwenye uboho inasababishaje saratani ya damu? Lakini angalia viti vilivyobadilishwa. Watetezi wa gesi ambao mwaka 1982 walisema panya hawezi kumsemea mtu, sasa walisema panya ameonyesha haifiki, kwa hiyo watu wa mochwari wamehesabiwa vibaya. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilitoa rasimu ya tathmini yake mwaka 2010, likakosolewa vikali na jopo la Chuo cha Taifa cha Sayansi mwaka 2011, na tathmini ya mwisho ikatoka Agosti 2024, ikishikilia kwamba gesi husababisha saratani za pua na pia saratani hiyo ya damu. Miaka 14 kati ya rasimu na waraka wa mwisho. Kabla hata ya rasimu hiyo, mwaka 2008, Wamarekani walionyang'anywa nyumba na kimbunga cha Katrina waliambiwa trela walizopewa na serikali yao zilikuwa na wastani wa sehemu 0.077 kwa milioni, na nyingine hadi 0.59, wakiwa wamelala humo na watoto.

Najua kuna msomaji anayeuliza kwa nini tuwavutishe wanyama sumu hata kidogo. Swali lake si la kizungu kama wengi wanavyodhani. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na kanuni za Russell na Burch za mwaka 1959, za kutafuta mbadala, kupunguza idadi na kupunguza mateso, zinajulikana kwenye maabara za vyuo vyetu. Mbadala nao unakuja. Seli za njia ya hewa ya binadamu huoteshwa juu ya utando mwembamba, chini kuna lishe, juu kuna hewa, na gesi au ukungu wa kemikali hupitishwa hapo. EPA imeshakubali njia ya namna hiyo, pamoja na hesabu za kompyuta za mkondo wa hewa kooni, katika kupima hatari ya kuvuta klorothalonili, dawa ya kuua kuvu wa mimea. Naiunga mkono. Lakini siku seli hizo zitakapoleta habari mbaya, mtu atasimama na kusema kisahani si binadamu, na atakuwa anasema kweli. Ndiyo maana siamini kwamba kubadilisha shahidi kutamaliza kesi. Nchi zinazofuata miongozo ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, zinakubaliana kupokea majibu ya maabara za wenzao ili wanyama wasiuawe mara mbili kwa swali moja. Hakuna makubaliano kama hayo ya kwamba jibu likishapatikana lifanyiwe kazi.

Kwetu hakuna haja ya kumuua panya hata mmoja kwa ajili ya fomaldehaidi. Majibu yapo, yamelipiwa na wengine, na yanasomwa bure. Sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ipo tangu 2003, Mkemia Mkuu wa Serikali ana mamlaka, wakala wa usalama mahali pa kazi upo. Kinachopungua ni kitu kidogo sana: mtu mwenye kijibomba cha kioo cha kupimia hewa, asimame dakika chache kwenye banda la seremala au kwenye chumba cha maiti, asome rangi ilipofika. Vijibomba hivyo si roketi. Na bodi zenyewe, huko Ulaya zinauzwa kwa madaraja ya kiasi cha gesi zinachotoa, E1 ikiwa ndiyo ya kawaida madukani.

Nilimwomba fundi tugeuze bodi tuone kilichoandikwa. Tukaigeuza wote wawili, futi nne kwa nane, nzito kama mlango wa bati la geti. Kulikuwa na karatasi ya unene, milimita 18, na mhuri uliofutika nusu. Nikamwuliza kama huwa anaona herufi E na namba. "Hapo wanaandika unene tu, bosi. Harufu unajipimia mwenyewe." Nikamwuliza kwa nini asisogeze msumeno nje. Akaniambia nje wanamwibia umeme, na kwamba analipwa kwa kabati, si kwa siku.

Aliniahidi Jumamosi, likafika Jumatano. Hadi leo lipo barazani, milango wazi, na mke wangu ameshaniuliza mara tatu litaingia lini chumbani kwa watoto.